Mizimu Haidai Uwanja wa Dagaa

Nansio, 9 Machi 2025

Mwanangu Kija,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni kabla hujaichana bahasha. Huku wazima tupo. Mbuzi wa jirani yangu Rebeka amezaa mapacha, na Rebeka anatembea kwa maringo utadhani yeye ndiye aliyezaa. Mvua zimeanza kwa fujo, dagaa hawakauki, tunawaanika na kuwaanua kutwa nzima. Barua hii Abeid, msafirisha dagaa wetu, ataivusha hadi soko la Mwaloni Kirumba ndani ya gunia lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Ikinuka usikunje pua. Harufu hiyo ndiyo iliyokulipia shule.

Umeuliza kwa nini simu yangu haipatikani. Nimeizima makusudi. Tangu tuanue matanga ya mume wangu Yeremia, ukoo wake wote unanipigia: asubuhi shemeji yangu Mihayo, mchana mkewe, jioni mtu ambaye hata jina hasemi. Wimbo wao ni mmoja. Uwanja wa kuanikia dagaa, pamoja na chanja ambazo mimi na marehemu tulizipigilia misumari kwa mikono yetu, eti ni mali ya ukoo, na mjane hana lake pale. Nimewaambia wayaseme mbele ya watu. Mihayo ameitisha kikao cha ukoo baada ya Pasaka. Kwenye barua angalau mtu hawezi kunikatiza.

Sasa nikuchekeshe. Wiki iliyopita Odeta, nesi wa zahanati yetu, alikuja mwaloni, hapa ufukweni tunapoanika na kuuza dagaa, kupima watu presha. Nikakalia ndoo iliyogeuzwa, akanifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo mpaka kikaniuma, mara akaitwa pembeni akakiacha kimefura. Basi mkono wangu ukajifunga wenyewe. Kidole gumba kikaingia kiganjani, vingine vikanyooka na kubanana pamoja kama mdomo wa kuku anayetaka kudonoa. Nikauamuru ufunguke, ukanikatalia. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaikimbia foleni. Odeta alipokilegeza kitambaa mkono ukarudi polepole, na mimi nikacheka kwa nguvu ili watu waone sina habari.

Kabla jua halijazama Mihayo alikuwa ameshapata tafsiri. Mizimu ya baba yao haitaki niguswe na vitu vya hospitali, na haitaki mkono huo uguse chanja zake. Kija, mizimu naiheshimu. Wakwe zangu niliwapikia mpaka siku zao za mwisho, wananijua. Mizimu ya kisiwa hiki imewahi kudai mtama, imedai pombe, imedai hata kondoo. Haijawahi kudai uwanja wa dagaa.

Baba yako, kaka yangu Alexander, kaniletea salamu kutoka Usagara. Anasema siku hizi unatengeneza mwanga ndani ya maji bila moto. Nieleze ni kitu gani kabla Mihayo hajakisikia.

Na usije huku. Ukikanyaga Nansio kabla ya kikao watasema Teodora ameleta msomi wa mjini kumsemea. Nitajisemea.

Shangazi yako asiyehamishika,
Teodora


Kirumba, 16 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ajili ya chanja. Gunia lilifika, Abeid hajambo, na dagaa nimewagawia majirani ili wavumilie harufu ya wale niliobaki nao. Leo kuna mechi hapa uwanjani, naandika huku mtaa mzima ukipiga kelele. Baba yuko Usagara, mguu wake umepata nafuu.

Ni kweli natengeneza mwanga bila moto. Kuna mnyama wa baharini aliye laini kama uji ulioganda, watu wa pwani wanamwita konyeza. Aina yake moja, huko kwenye bahari za baridi, ina protini inayowaka. Inaitwa ekworini. Siku hizi hatuhitaji kumuua mnyama, kwa sababu bakteria wamepewa maelekezo ya kuitengeneza, na sisi maabara tunaipokea ikiwa unga.

Protini hiyo, shangazi, ni mtego wa panya ulioshategwa. Ndani yake imekumbatia kitu kidogo ambacho ndicho kuni zake, na oksijeni imeshaunganishwa na kuni hizo, kila kitu tayari. Inaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kufanya lolote. Kinachokuja kuukanyaga mtego ni kalsiamu. Protini ina vijumba vitatu vya kuipokea. Kalsiamu ikiingia humo, protini nzima inajikunja, zile kuni zinavunjika, na nguvu iliyokuwa imefungwa inatoka ikiwa mwanga wa bluu. Hakuna joto, hakuna moshi. Na kila moja inawaka mara moja tu, mpaka uipe kuni mpya.

Kalsiamu yenyewe ni hii hii ya kwenye mifupa, maziwa na chokaa, na imo hata kwenye maji tunayokunywa. Hapo ndipo nilipotoka jasho. Mwezi wa kwanza nilisuuza vyombo vya maabara kama ninavyosuuza vikombe vya chai, kwa maji ya bomba, vikatakata. Kila nikitia protini na kukimbilia mashine, giza. Mwanga ulikuwa unawaka na kuisha mikononi mwangu mchana kweupe, bila mimi kuuona, kwa sababu ya tone la maji ya bomba lililobaki. Mwalimu wangu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kazi yake ni hii: tunaitia ndani ya seli za misuli ya moyo. Seli haiwezi kujikaza mpaka kalsiamu ifunguliwe ndani yake, na ikifunguliwa protini inatoa cheche ndogo ambayo mashine inaiona. Kwa hiyo kutwa nimekaa kwenye chumba cheusi nauangalia moyo ukifanya kazi.

Na kwa ajili hiyo, habari ya mkono wako nimeisoma mara nyingi na haijanichekesha hata kidogo. Kalsiamu iliyo kwenye damu ndiyo inayoituliza mishipa ya fahamu. Ikipungua, mishipa inaropoka ovyo bila kutumwa, na misuli inatii. Mkono unajikunja vile vile ulivyoeleza, hasa ukibanwa na kitambaa cha presha. Madaktari wanaijua dalili hii tangu zamani. Protini yangu inajikunja kwa kuipata kalsiamu. Mkono wako, naogopa, unajikunja kwa kuikosa.

Nijibu bila kunizungusha. Vile vidonge ulivyopewa mwaka jana, ulipotolewa lile rovu shingoni, bado unavimeza? Midomo inakuwasha? Vidole vinakufa ganzi?

Mwanao,
Kija


Nansio, 2 Aprili 2025

Kija,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya kazi, si kwa sababu nyingine yoyote. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Rebeka ananuna, na akinuna hasemi na mtu mpaka umpe sukari.

Mwandiko umepinda kwa vile naandikia gotini. Midomo inawasha kidogo, ni pilipili za msimu huu. Sauti nayo imekauka kwa vumbi la dagaa. Nilipokuwa nawageuza dagaa juzi vidole vilifanya ukaidi wao, nikavikalia, vikaacha.

Habari ya protini yako nimeielewa kuliko ulivyotegemea. Mtego, kuni, mkanyagaji. Nimempenda huyo mnyama aliyeamua kujiwashia taa yake mwenyewe. Lakini kuhusu kalsiamu, mwanangu, usinifundishe. Kliniki miaka yote wanawaambia wajawazito kuleni dagaa, wana mifupa, wana kalsiamu. Mimi ninayelala na dagaa, nikaamka na dagaa, ninayewatafuna na vichwa vyao, mimi ndiye nikose kalsiamu? Labda konyeza wako ndiye hajawahi kuonja dagaa wa Ukerewe.

Mihayo sasa anapita na fundi anapima chanja zangu kwa kamba. Nimemwambia apime vizuri, asije akakosea kipimo cha kaburi langu. Kaka Alexander ndiye atakayenisemea upande wa kwetu. Anasemaje kuhusu kikao? Mbona haniandikii?

Shangazi yako,
Teodora


Kirumba, 5 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nimezifupisha kwa sababu nina hasira na nina hofu, na sijui ipi imetangulia. Kirumba hatujambo. Baba hajambo.

Nilikuuliza kama unameza vidonge. Umenijibu kuhusu mbuzi, pilipili, vumbi, mpaka konyeza. Kwa hiyo nimeshajibiwa. Umeviacha. Uliviacha kwa sababu ulijisikia vizuri, ukajiambia kwamba mtu wa dagaa hahitaji kidonge.

Nisikilize. Nyuma ya pale rovu lilipokuwa kuna tezi nne ndogo sana, kila moja kama punje ya dengu. Hizo ndizo zinazoamua kalsiamu ibaki kiasi gani kwenye damu. Rovu likitolewa, wakati mwingine nazo huumia hata kama daktari ni hodari, maana zimejibanza pale pale. Zikiumia, unaweza kula dagaa wote wa ziwa hili na kalsiamu isikae kwenye damu. Ghala lako limejaa, lakini mwenye ufunguo ameondoka. Ndiyo maana walikupa vidonge vya kalsiamu pamoja na kile cha vitamini maalumu kinachofanya kazi ya huyo mwenye ufunguo. Havikuwa vya kumalizia kidonda. Vilikuwa vya kila siku.

Unasema sauti imekauka. Shangazi, misuli ya koo ni misuli kama ile ya mkono. Ikijikunja kama mkono ulivyojikunja, hewa haipiti. Sasa umeelewa kwa nini siwezi kulala?

Nenda hospitali wapime kalsiamu kwenye damu. Wasipime presha wakakurudisha. Na usipandishe sauti kwa Mihayo, kwa sababu mtu akifoka na kuhema haraka haraka, ile kalsiamu kidogo iliyobaki inazidi kushindwa kufanya kazi yake. Najua hili ndilo gumu kwako kuliko vidonge.

Nimemwandikia Odeta pia, barua yake iko ndani ya gunia hili hili. Umenikataza kuja, sikukatazwa kuandika. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe mwenyewe ulimwambia hivyo marehemu. Abeid akirudi bila barua yako napanda meli, na kikao chao wakipeleke wanakotaka.

Kija


Nansio, 14 Aprili 2025

Kija mwanangu,

Anayeandika ni Rebeka, maneno ni yangu. Yuko hapa na kalamu yake, amekunja uso kama karani wa mahakama. Marahaba. Pacha wa mbuzi aliyebaki anakua vizuri. Usipande meli. Nimeshapona kuliko unavyotaka kuamini, na nitakueleza yote.

Siku Abeid alipoleta barua yako, Mihayo alikuja mwaloni na vijana wawili kung'oa nguzo za chanja. Kikao bado, na yeye anang'oa. Nilikuwa nimeshakusoma, nilikuwa najua nisipandishe sauti. Nilipandisha. Nilimwambia yaliyokuwa yamenikaa kooni tangu siku ya mazishi, na watu wakaacha mizani wakaja kusikiliza. Katikati ya maneno mikono yote miwili ikajifunga, miguu nayo ikajikunja, nikaenda chini. Kisha koo likaanza kupiga filimbi. Nikavuta hewa, hewa haiji. Nilimsikia Mihayo akisema, "Mwacheni, msimguse, mizimu imeanza kusema naye." Na watu wakarudi nyuma. Wanawake niliowaazima ndoo zangu, Kija, wakarudi nyuma.

Rebeka ndiye aliyenigusa. Aliita, "Mizimu gani isiyojua kusema bila kumkaba mtu koo? Leteni mkokoteni!" Wakanipakia kwenye mkokoteni wa magunia. Odeta alikuwa ameshaisoma barua yako, akawaambia hospitali neno moja kabla hata sijashushwa: kalsiamu. Wakatoa damu, wakaingiza dawa kwenye mshipa taratibu, huku daktari anausikiliza moyo. Mimi nilikuwa naangalia mkono. Kidole gumba kilitoka kwanza, kikafuatia cha shahada, na vingine vikaja vyenyewe. Hakuna aliyevivuta. Kipimo kiliporudi daktari alikitazama akaniuliza nimewezaje kusimama na kugomba nikiwa na kalsiamu ndogo hivyo. Nikamwambia kugomba hakuhitaji kalsiamu, kunahitaji shemeji.

(Mimi Rebeka naongeza, hataki niandike lakini kalamu ni yangu: alilia. Alipoona vidole vinafunguka alilia kama mtoto, akakutaja wewe. Asikudanganye.)

Basi Rebeka kaandika kitu hapo hataki kunisomea. Vidonge nameza. Nimeviweka kwenye kopo la chumvi mezani, nameza mbele ya wageni, makusudi, na nikimaliza nafungua mdomo waone.

Kikao ni Jumamosi ya tarehe kumi Mei. Mihayo sasa anatangaza kwamba hata mwaloni watu wameshuhudia. Sawa, mashahidi nawataka, wawe wengi. Na kuhusu kaka yangu: niliuliza anasemaje, ukaniandikia "baba hajambo," ukanyamaza. Nimeelewa. Usijisumbue kunifafanulia.

Teodora, kwa mkono wa Rebeka


Kirumba, 20 Aprili 2025, Pasaka

Shangazi wangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Barua yako niliisomea gengeni kwa mama muuza samaki, akanipa kiti na chai bila kuniuliza. Mwambie Rebeka kwamba sasa ni dada yangu. Ana sukari kilo mbili ndani ya gunia, asinune tena.

Nitakuambia habari ya baba hata kama hutaki. Mihayo alimfuata Usagara. Baba aliniita, akaniagiza nikuandikie kwamba ni busara uuachie uwanja kwa amani, uje ukae kwetu, ule na ulale bila ugomvi. Nilimwambia mimi si posta yake. Akasema nimekuwa kama wewe. Alidhani ananitukana. Sijaenda Usagara tangu siku hiyo, na Pasaka hii nimekula ubwabwa peke yangu.

Ndani ya gunia utakuta kopo la maziwa ya unga. Si maziwa. Ndani kuna kichupa kidogo cha plastiki kimezungushiwa pamba, na kwenye kitako chake kuna unga kidogo wa ekworini ambao mwalimu ameniruhusu kuuchukua, kwa sababu nguvu yake inapungua na kwa utafiti haufai tena. Usikifungue mpaka utakapokuwa tayari, na usikiweke karibu na joto. Ingia mahali penye giza, kaa mpaka macho yazoee, kisha mimina humo maji ya ziwa kidogo, kiasi cha kifuniko cha soda. Hayo tu. Maji ya ziwa letu yana kalsiamu kidogo, lakini kwa protini hii kidogo inatosha. Itawaka na kufifia upesi, na haitawaka mara ya pili.

Nakuonya kwa sababu nakujua: kichupa hiki hakipimi damu yako. Kitawaka kwa damu ya mgonjwa na ya mzima. Usikipeleke kikaoni ukasema ndicho ushahidi, maana utakuwa umesema uongo kwa jambo la kweli, na siku wakigundua watakuwa na haki ya kucheka. Ushahidi wako ni karatasi ya hospitali na mkono wenyewe. Kichupa nimekuletea kwa sababu ulisema umempenda mnyama yule. Nilitaka uone kile ninachokikalia gizani kutwa, ili tusiwe tunazungumzia kitu ambacho mmoja wetu hajakiona.

Nakuomba tena nije kikaoni. Sitasema neno. Nitakaa nyuma.

Mwanao,
Kija


Nansio, 11 Mei 2025

Kija mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Angalia mwandiko huu. Mstari umenyooka au haujanyooka? Nimeandikia mezani, kwa mkono wa kulia, bila karani. Pacha wa mbuzi ameanza kula nguo zangu kwenye kamba. Dagaa wamekauka vizuri wiki hii, weupe, wanagongana kama njugu.

Sikukujibu ulipoomba kuja kwa sababu ningekubali. Sasa sikiliza.

Walikuja wengi ukumbini, jirani na mwaloni, na wasioalikwa walikuwa wengi zaidi. Baba yako alikuja na basi la kwanza lililovuka na kivuko, akaketi upande wa Mihayo, macho ameyakaza kwenye viatu. Mihayo alianza kwa sala, akaendelea na marehemu, akaja kwenye mkono. Aliueleza vizuri, sina kasoro ya kumtoa. Akasema mashahidi wapo, mkono wa mjane huyu umefungwa na mizimu mara ya kwanza na ya pili, na ya tatu atakufa, na yeye kama shemeji anayenipenda hataki nife. Wazee wakaitikia. Kisha akauliza kama nina la kusema.

Nikasema ninalo, ila atalisema Odeta. Odeta akainuka na mashine yake ya presha. Nikapandisha kitenge begani, nikaweka mkono juu ya meza katikati yao, kiganja juu, nikamwambia, "Funga. Jaza kama siku ile. Kisha kiache kimefura, usikiguse mpaka niseme."

Akajaza. Kitambaa kikauma vile vile. Watu waliokuwa karibu wakasogeza viti nyuma. Nikawatazama mmoja mmoja, na walipomalizika nikaanza upya. Sikuwa na hofu ya mizimu, nilikuwa na hofu ya dozi. Nilijiuliza kama asubuhi nimemeza au nimeota kwamba nimemeza. Mkono ukawa mzito, ukapata ganzi kama mkono wa mtu yeyote aliyebanwa. Lakini haukujikunja. Nikakunja vidole mwenyewe, nikavikunjua mwenyewe. Nikachukua karanga kwenye sahani ya wazee, nikaimenya kwa mkono huo huo mmoja, nikaila.

Nikamwambia Odeta akilegeze. Nikaiweka karatasi ya hospitali mezani, nikawaeleza habari ya rovu na zile tezi, na ujinga wangu wa kuacha dawa nikijidai mtu wa dagaa. Nilisema wazi kwamba ni ujinga wangu, siyo wa mizimu.

Mihayo hakukaa kimya, asingekuwa Mihayo. Akasema, "Hizo dawa za mjini zimeinyamazisha tu kwa muda."

Nikamwambia, "Shemeji, basi mizimu inayonyamazishwa na kidonge haina ubavu wa kudai uwanja."

Hapo mzee mmoja alicheka, yule mwenye jicho bovu, na ukumbi ukamfuata. Mihayo akasimama akisema mashine ya Odeta ni mbovu. Odeta, yule mtoto mpole asiyeinua macho, akamwambia akae basi aijaribu yeye. Alipimwa mbele ya ukoo wake. Mkono haukujifunga, lakini presha ilikuwa juu mpaka Odeta akampima tena, akamwambia Jumatatu asikose zahanati. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Usidhani waliamua. Kikao kilivunjika kila mtu akiongea. Mihayo anasema atakwenda baraza la ardhi. Aende, nami nitakwenda, na misumari ya chanja zile naweza kuitambua mmoja mmoja. Lakini kabla watu hawajatawanyika baba yako alinyanyuka. Hakutoa hotuba. Alikibeba kiti chake kutoka upande wa Mihayo, akakileta karibu na changu, akakaa. Kisha akasema, "Nimetoka Usagara kumsemea dada yangu. Naona amemaliza." Nimemsamehe? Bado. Lakini nimempikia. Na wewe nenda ukamsalimie, kula ubwabwa wa Pasaka peke yako si ushujaa, ni ukaidi. Ukaidi niachie mimi.

Sasa njoo. Njoo na meli ya Ijumaa, huji kumsemea mtu, unakuja kugeuza dagaa. Vidole vyangu vinahitaji msaidizi, si vyote vimesahau ukaidi wao.

Nimemalizia na kichupa chako. Sikukipeleka kikaoni, nilikutii kwa hilo, andika mahali. Walipoondoka wote nilichukua kikombe nikashuka mwaloni, pale pale mbele ya chanja zangu, nikachota maji. Nikajifungia kwenye stoo ya magunia, nikaziba dirisha kwa kitenge, nikakaa mpaka macho yakazoea. Nikamimina.

Kija. Kumbe ulikuwa hunidanganyi hata kidogo.

Iliwaka bluu, mwanangu, bila kutoa sauti, kwa maji yetu haya haya tunayooshea sufuria. Nilikishika kichupa na hakikuwa na joto. Niliviona vidole vyangu kwa mwanga ule, vyote vimenyooka. Nikakumbuka mikono ya Yeremia, na nikacheka na kulia pamoja mpaka ikafifia, ikaisha. Nikatikisa, haikuwaka tena. Ulishaniambia.

Mihayo alikuwa amerudi kuchukua kofia aliyoisahau. Akabisha mlango wa stoo. "Shemeji, unacheka na nani humo gizani?"

Nikamwambia, "Nacheka na ziwa."

Akasubiri nimfungulie. Sikumfungulia. Mkono wameuona wote, unawatosha. Mwanga ule ulikuwa wangu.

Teodora,
mwenye uwanja